Kwa nini Waingereza wa zamani waliuita uvimbe wa jicho "panya"? Uzi wa maneno ya Kiingereza ya vilio la damu

#1 Mfasiri wa Pangani

Wanajukwaa, salaam. Ninafasiri hadithi fupi za Kiingereza za karne ya 19 zinazohusu wapiganaji wa ngumi wa London, na kila baada ya kurasa chache ninakutana na mtu anayetoka ulingoni akiwa na "mouse" chini ya jicho. Maana yake haina utata: ni ule uvimbe wenye damu iliyovilia unaojitokeza mtu anapopigwa ngumi juu ya mfupa wa shavu. Ninachouliza ni kwa nini mnyama huyo, na si mwingine. Zaidi ya hapo, shuleni tulifundishwa neno moja tu, "bruise", nami ninaanza kushuku kwamba Kiingereza cha zamani, cha vijijini na cha mitaani kilikuwa na ghala zima la maneno ya jambo hili. Wenye ujuzi wachangie, na tafadhali tusiishie kwenye kamusi ya mfukoni.

#2 Kijana wa Ulingo

Mkuu, neno hilo halijafa. Ukisikiliza watangazaji wa ndondi wa Marekani na Uingereza hata leo, raundi ya nne au ya tano utawasikia wakisema kwamba bondia fulani ameanza kuota "mouse". Ndiyo maana kwenye kona kuna fundi wa majeraha mwenye kipande cha chuma bapa kilicholala kwenye barafu, ambacho hukikandamiza juu ya uvimbe huo kati ya raundi ili jicho lisifunge. Sababu ya jina ninaiona kuwa rahisi: ni kitu kidogo, cha mviringo, chenye rangi ya kijivu iliyokolea, kilichojibanza chini ya jicho kana kwamba kinatafuta tundu la kuingia.

#3 Mwanakamusi

Maelezo ya #2 yanapendeza, lakini yanaanzia mwisho wa safari. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormandi wa Ufaransa kuvuka bahari mwaka 1066, neno "mus" lilikuwa na maana mbili, panya na msuli. Walatini nao walifanya vivyo hivyo, kwa sababu "musculus" kwao ni panya mdogo, na ndilo lililozaa neno la msuli katika lugha nyingi za Ulaya. Watu wa kale waliutazama msuli wa mkono ukicheza chini ya ngozi wakaona mnyama anayepita. Madaktari wanaozungumza Kiingereza bado wanakiita kipande cha gegedu kinachoelea ndani ya goti "panya wa kiungo". Kwa hiyo uvimbe wowote unaojitokeza ghafla chini ya ngozi ulikuwa na haki ya jina hilo muda mrefu kabla ya ndondi.

#4 Baharia Mstaafu

Nawasalimu nyote. Naomba na sisi watu wa chombo tusisahauliwe. Kwenye merikebu za tanga za Waingereza, "mouse" lilikuwa fundo nene la nyuzi lililosukwa kuzunguka kamba kubwa ili kitanzi kisiteleze. Kamusi ya mambo ya bahari ya William Falconer ya mwaka 1769 inalieleza. Ukilitazama fundo hilo, ni uvimbe mmoja katikati ya kitu kilichonyooka, na uso wa mtu aliyepigwa ndivyo unavyoonekana. Mabaharia na wapiganaji walikunywa kwenye vilabu vilevile vya bandarini London, na mimi sioni ajabu neno likishuka kutoka mlingotini mpaka shavuni.

#5 Mwalimu wa Zamu

Mzee wangu Baharia, shikamoo. Hoja yako ina kamba ndefu, lakini ya #3 ina shimo refu zaidi. Maana ya uvimbe wa jicho inaonekana katika maandishi ya Kiingereza katikati ya karne ya 19. Kati ya msuli wa Kiingereza cha kale na uvimbe huo kuna pengo la karne nyingi. Neno haliwezi kulala usingizi wa karne nyingi kisha likaamkia ulingoni.

Naomba nipanue uwanja. Mwaka 1785 Francis Grose alichapisha London kamusi ya lugha ya watu wa chini, nayo ndiyo mgodi wa swali la pili la Mfasiri. Humo macho yanaitwa "daylights", yaani mianga ya mchana, na kumfumba mtu macho kwa ngumi ni kumtia giza mianga yake, au kumshonea macho. Kutoka hapo ndiko ulikotoka usemi ambao vijana huusikia kwenye filamu bila kuujua asili yake, wa kumpiga mtu mpaka "daylights" zimtoke. Bondia mwenyewe aliitwa "bruiser", mtu ambaye kazi yake ni kuwatia wengine vilio la damu, na damu waliiita "claret", jina la mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Hawa walikuwa watu waliokuwa na mzaha wa mkono mzito.

#6 Kijana wa Ulingo

Mwalimu ameniwahi. Niongeze kwamba Jack Broughton, aliyetunga kanuni za kwanza za ndondi mwaka 1743, alitangaza mwaka 1747 katika gazeti la London kwamba wanafunzi wake waungwana wangevalishwa glavu laini ili wasipate usumbufu wa macho meusi, taya zilizovunjika na pua zenye damu. Maana yake ni kwamba bwana mkubwa alitaka kujifunza kupigana, lakini hakutaka kwenda karamuni na jicho jeusi. Maskini alipigana mikono mitupu na alibaki na alama zake.

#7 Mwalimu wa Zamu

Ndiyo, na alama hizo zilikuwa na utani wake. Katika lugha ya mitaani ya karne ya 19, mwenye macho mawili meusi alisemwa kuwa macho yake yamo msibani, na mwenye jicho moja alikuwa katika "half-mourning", yaani nusu ya msiba.

#8 Mfasiri wa Pangani

Hilo nitalitumia. "Jicho lake moja likiwa matangani" linakaa vizuri kabisa katika Kiswahili. Ila niulize: ni nusu kwa sababu jicho ni moja kati ya mawili?

#9 Msomaji wa Usiku

Dada Mfasiri, hesabu hiyo ya macho ni njia moja. Njia nyingine ni rangi. Wanawake wa Uingereza wa zama za Malkia Victoria walipomaliza kipindi cha kuvaa nyeusi tupu waliingia katika kipindi kilichoitwa kwa jina hilohilo, ambapo waliruhusiwa kuvaa kijivu na zambarau iliyopauka. Sasa angalia jicho lililopigwa juzi: ni kijivu na zambarau iliyopauka. Aliyetunga mzaha huu alijua nguo za wajane kuliko tunavyomdhania.

#10 Mzee wa Kanisa

Bwana asifiwe. Mimi nimekuja kwa neno "bruise" lenyewe, maana naona mnalipita kama jiwe la njiani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mwanzo 3:15, uzao wa mwanamke utamfanyia nyoka kitendo hicho kichwani, na nyoka ataufanyia kisiginoni. Biblia yetu ya Union inasema "huo utakuponda kichwa, na wewe utamponda kisigino". Lakini Isaya 53:5, ambapo Kiingereza kinatumia neno lilelile, sisi tunasoma "alichubuliwa kwa maovu yetu". Kuponda na kuchubua si kitu kimoja. Mtu aliyechubuka amepoteza ngozi ya juu, aliyepondwa amevunjika mpaka ndani. Je, neno la Kiingereza lilikuwa na maana gani kati ya hizo?

#11 Mwanakamusi

Mzee, umegusa mzizi. Neno hilo ni mtoto wa wazazi wawili. Upande mmoja ni kitenzi cha Kiingereza cha kale "brysan", kilichomaanisha kuponda au kusaga. Upande wa pili ni kitenzi cha Kifaransa walichokuja nacho Wanormandi, kilichomaanisha kuvunja. Vikaoana, na tahajia ya leo imefuata ukoo wa Kifaransa. Kwa hiyo wafasiri wa mwaka 1611 walipoandika hivyo walisikia mpondo, si doa la rangi. Mpishi Mwingereza anayekwambia utwange iliki kidogo tu ipasuke bado anatumia kitenzi hicho katika maana yake ya zamani.

Ushahidi mzuri umo katika aya yako hiyohiyo. Mwaka 1611 mtumishi wa Isaya "alipondwa" kwa neno hili, na tulipona kwa mistari ya mijeledi yake. Katika tafsiri ya Kiingereza ya New Revised Standard ya mwaka 1989, pale pa kwanza pamewekwa neno lingine la kuponda, na neno letu limehamia mwisho wa aya: sasa tunapona kwa vilio lake la damu. Neno limehama nyumba ndani ya aya moja.

#12 Muuza Matunda wa Mabibo

Wasomi, mimi ni mtu wa sokoni na ninapinga #10 kwa heshima. Nyanya iliyodondoka ikalainika upande mmoja huku ganda likiwa zima, kwetu imechubuka. Kwa hiyo kuchubuka kunaweza kuingia ndani bila ngozi kutoka.

#13 Mzee wa Kanisa

Nyanya haina maovu, ndugu yangu. Lakini nimekuelewa.

#14 Msomaji wa Usiku

Naomba turudi kwenye rangi, kwa sababu huko ndiko kuliko na utajiri. Waingereza husema mtu amepigwa mpaka akawa "black and blue", mweusi na wa buluu. Wengi hudhani usemi huo ni wa juzi. Katika Kiingereza cha zama za kati usemi ulikuwa "blak and blo", na "blo" halikuwa buluu ya anga. Lilitoka kwa watu wa Skandinavia waliotawala kaskazini mwa Uingereza, na lilitaja rangi ya risasi, ile ya kijivu inayoelekea weusi. Neno la Kifaransa la buluu liliposhika nafasi, "blo" likasukumwa nje ya usemi, lakini likabaki hai Uskoti kwa sura ya "blae". Huko mpaka leo tunda dogo jeusi la porini linaitwa "blaeberry", na mtu aliyebadilika rangi kwa baridi au kipigo anaweza kuitwa hivyo pia.

Maneno ya rangi hii yana tabia ya kutangatanga. "Wan" lilikuwa giza katika Kiingereza cha kale, na leo linamaanisha mtu aliyepauka. "Livid" lilikuja kutoka Kilatini likimaanisha rangi ya vilio la damu, na leo ukimwambia Mwingereza kwamba mkuu wake ni "livid" atafahamu kwamba amekasirika mno, wala hatakwenda kumtafutia barafu. Methali 20:30 katika Biblia ya 1611 inataja "ubuluu wa jeraha" kuwa unasafisha uovu, kwa sababu wafasiri walitaja rangi pale ambapo sisi tungetaja alama.

#15 Mwalimu wa Zamu

Msomaji amefungua mlango wa Shakespeare na akaupita. Katika *The Merry Wives of Windsor* wale wanaojifanya majini wadogo wanaamriwa kuingia nyumbani, na wakikuta meko hayakufagiliwa wawafinye wajakazi mpaka wawe na rangi ya tunda hilohilo la porini, ambalo Waingereza huliita "bilberry". Katika mchezo huohuo, mtu anapozungumza juu ya kupigwa mpaka kuwa mweusi na wa buluu, Falstaff, yule mzee mnene wa kuchekesha, anamjibu kwamba yeye alipigwa mpaka akawa rangi zote za upinde wa mvua. Aliyeandika hayo alikuwa ameziona alama za namna hiyo zikigeuka.

#16 Mwanakamusi

Wale wafinyaji wa #15 hawakuwa wa jukwaani tu. Katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza kulikuwa na neno "dead-nip", mfinyo wa maiti, kwa doa la buluu ambalo mtu aliamka nalo bila kukumbuka kujigonga popote. Watu walilihusisha na uchawi na wafu. Maneno ya namna hii ndiyo aliyoyakusanya Joseph Wright katika kamusi yake kubwa ya lahaja za Kiingereza, iliyochapishwa katika juzuu 6 kati ya mwaka 1898 na 1905.

#17 Muuguzi wa Wodi

Habari zenu. Kitaalamu alama hizi huja pale mishipa midogo inapopasuka na damu kuvuja chini ya ngozi. Himoglobini, yaani ile inayoipa damu wekundu wake, ikinaswa huko huvunjwa hatua kwa hatua, kwanza kuwa biliverdini yenye rangi ya kijani, kisha bilirubini ya manjano, na hudhurungi inayobaki ni madini ya chuma. Upinde wa mvua wa Falstaff ni kemia hiyo, ingawa tunafundishwa tusikadirie umri wa alama kwa rangi peke yake, maana watu hutofautiana sana.

Kuhusu "mfinyo wa maiti", mtu asiyepata vitamini C ya kutosha hutoka madoa ya damu bila kugongwa. Wakulima wa kaskazini mwa Ulaya wakati wa baridi kali, waliokaa miezi bila mboga mbichi wala matunda, walikuwa na kila sababu ya kuamka na madoa. Wazee nao ngozi yao hukonda, na kubanwa kidogo tu kunaacha alama. Majini hayana sehemu hapo.

#18 Mama wa Leeds

Muuguzi, nakubaliana na vitamini, lakini naomba tuwaangalie wale wajakazi wa #15 kwa jicho la kike. Msichana wa kazi ambaye hakufagia meko anaamka na mikono ya buluu, na nyumba nzima inasema ni majini. Mimi ninaona mkono wa bibi mwenye nyumba. John Gerard, katika kitabu chake cha mitishamba cha mwaka 1597, anasifu mzizi wa mmea uitwao "Solomon's seal" kwa kufuta kwa usiku mmoja au miwili madoa meusi na ya buluu yanayotokana na kuanguka, au na wanawake wenye ukaidi wa kujikwaa kwenye ngumi za waume wao wenye haraka. Ndivyo alivyoandika, kama mzaha, katika kitabu cha dawa! Mke ndiye aliyejikwaa, na ngumi ilikuwa imekaa tu pale. Kila nikisoma orodha ya majina haya ya kuchekesha ninajiuliza ni mangapi yalitungwa ili aliyepigwa asiulizwe swali la pili.

#19 Kijana wa Ulingo

Dada, mengi yametoka ulingoni, ambako waliopigana waliingia kwa hiari yao.

#20 Mama wa Leeds

Yametoka ulingoni yakaingia jikoni. Anayesema "nina shiner" Jumatatu asubuhi kazini kwa kawaida hajatoka kupigana na bingwa.

Nina kisa changu pia. Mwanangu alizaliwa na doa pana la buluu kiunoni, lile ambalo watoto wetu wengi Waafrika huzaliwa nalo na hufifia wakikua. Kliniki moja huku ilipoliona katika umri wa miezi kadhaa, na halikuwa limeandikwa kwenye karatasi zake za kuzaliwa, nikahojiwa kwa muda mrefu kana kwamba nimempiga. Baadaye daktari wa watoto alilitambua na mambo yakaisha. Lugha ya "mweusi na wa buluu" ilitungwa na watu walioangalia ngozi nyeupe, na anayeibeba bila kufikiri huona kipigo mahali ambapo hakipo.

#21 Muuguzi wa Wodi

Pole sana, mama. Ndiyo maana wakunga wanashauriwa kuliandika doa hilo siku ya kuzaliwa, pamoja na mahali lilipo na ukubwa wake. Kinyume chake pia hutokea: juu ya ngozi nyeusi wekundu na ukijani unaweza usionekane kabisa, na kipigo cha kweli kikapita. Sisi hutafuta uvimbe, joto, ugumu wa nyama chini ya kidole, na maumivu. Kiswahili kinaposema damu imevilia hakitaji rangi yoyote, kinataja damu iliyosimama, na kwa kazi yangu hilo linanifaa zaidi.

#22 Mpwani wa Glasgow

Nimesoma uzi wote na nimeona "shiner" imetajwa bila kuelezwa. Iko katika maandishi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine wanasema ni kwa sababu ngozi iliyovimba inakazika na kung'aa, wengine wanasema mitaani jicho lenyewe liliitwa kwa jina la kitu king'aacho. Huku Uskoti na Ireland ya Kaskazini jicho jeusi ni "keeker", kutoka kitenzi "keek", kuchungulia. Ama ni jicho linalochungulia kupitia ufa mdogo uliobaki, ama ni kwamba "keeker" lilikuwa jicho lolote na kipigo kikarithi jina. Wazee wawili kazini kwangu walibishana kuhusu hili mpaka chai ikapoa.

#23 Mwana wa Perth

Mimi nipo Australia. Hapa mchezaji wa kandanda ya Kiaustralia akipigwa goti kwenye paja, damu ikavilia ndani ya msuli, anasemwa kuwa amepata "corky". Wanaeleza kwamba msuli unakuwa mgumu kama kizibo cha chupa. Waingereza jambo hilohilo wanaliita "dead leg", mguu uliokufa, na watoto wa shule hupeana makusudi kwa goti kisha wakakimbia.

#24 Mkaazi wa Ohio

Marekani mgongano wa paja huitwa na baadhi ya watu "charley horse", ingawa wengi zaidi hulitumia kwa mkakamao wa msuli. Lilianza kwenye besiboli miaka ya 1880. Kuna wanaosema ni farasi kilema aliyeitwa Charley aliyevuta vifaa uwanjani, na kuna wanaosema ni mrushaji Charles Radbourn, ambaye jina lake la utani lilikuwa farasi mzee. Kila mji una farasi wake.

Nundu ya kichwani ni yai la bata bukini. Ngumi ya kifundo kimoja kwenye mkono wa juu, inayoinua msuli ukawa kinundu, ni "frog", chura. Alama ya kunyonywa shingoni ni "hickey", neno ambalo awali lilitumika kwa kifaa chochote kisicho na jina na kwa chunusi, likahamia mapenzini katika karne ya 20.

#25 Muuza Matunda wa Mabibo

Panya, farasi, bukini na chura. Hawa watu walipigana wao kwa wao au walipigana zizini?

#26 Baharia Mstaafu

Wanyama wote hao mmewakubali bila ushahidi, na fundo langu la kamba lenye kamusi na mwaka mmelikataa. Sawa.

#27 Mwalimu wa Zamu

Hatujalikataa, mzee wangu. Linakosa tu mtu wa kulibeba kutoka merikebuni mpaka ulingoni. Ukimpata baharia mmoja wa karne ya 18 aliyeandika neno hilo kwa maana ya uso wake mwenyewe, nitakuunga mkono mbele ya wote. Kwa sasa hata hoja ya #25, ya kwamba Kiingereza hupenda kuuona uvimbe kama mnyama aliyejificha chini ya ngozi, ninaiona ina uzito kuliko alivyokusudia mwenyewe.

#28 Mfasiri wa Pangani

Asanteni nyote. Kabla sijasahau, katika hadithi nyingine, ya baadaye kuliko hizo za London, kuna mtu wa New York mwenye jicho jeusi ambaye anakwenda kwa mchora chale kabla ya kwenda kazini. Nilidhani ni mzaha wa mwandishi.

#29 Mkaazi wa Ohio

Si mzaha. Mtaa wa Bowery, hukohuko New York, mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa na wachora chale waliotangaza kwenye mabango yao kwamba wanarudisha jicho jeusi kuwa la kawaida. Walipaka rangi ya ngozi juu ya alama, mteja akaenda kazini kama mtu mwenye heshima zake. Kabla ya hapo watu walibandika ruba wanyonye damu, na wengine walibandika nyama mbichi ya ng'ombe.

#30 Muuguzi wa Wodi

Nyama mbichi juu ya jicho, mwiko. Ubaridi ndio uliosaidia, na kitambaa chenye barafu kinautoa ubaridi huo bila vijidudu. Nyama ipikeni.

#31 Mzee wa Kanisa

Na je, kulikuwa na neno la vilio la nyayo? Sisi tuliokwenda shule pekupeku juu ya changarawe tunalifahamu hilo doa kuliko jicho jeusi.

#32 Mwanakamusi

Yapo mawili, mzee. Wamarekani wa mashambani waliliita "stone bruise", na watoto waliotembea bila viatu majira ya joto walilipata kila mwaka. La zamani zaidi ni "surbate", kitenzi cha karne ya 16 na ya 17 kilichotoka Kifaransa, kilichomaanisha kuumiza nyayo kwa mwendo mrefu, za mtu au kwato za farasi. Limekufa kabisa kwa upande wa watu. Kwa farasi, mafundi wa kwato wanatumia lile la kwanza mpaka leo.

#33 Muuza Matunda wa Mabibo

Farasi tena.